Doa Kwenye Kundi la Galaksi

Mama alipowaambia wenzake wa kanisani kwamba nafanya kazi ya redio, hakusema uongo. Alisahau tu kueleza kwamba redio yangu haina mtangazaji. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nikichunguza mawimbi ya redio yanayotoka mbali angani na kunaswa na darubini za kisasa huko kusini mwa Afrika. Data ilinifikia kwenye kompyuta, mezani kwetu, ghorofa ya tatu karibu na mtaa wa Majengo.

Jumamosi moja wakaja akina mama wawili kati ya hao wa kanisani, salamu zao wameziandika kwenye karatasi ili nizisome hewani. Niliona haya kuwakatalia hivi hivi, nikawaonyesha picha niliyoihangaikia kwa wiki kadhaa: kundi la galaksi, na katikati yake ukungu hafifu ambao si wa galaksi yoyote. Nikawaeleza kwamba makundi kama hayo yakigongana, gesi iliyo kati ya galaksi huvurugika, ndipo mawimbi haya hutokea. Nilihubiri kwelikweli. Barua pepe ya kumpa msimamizi wangu habari njema nilikuwa nimeshaiandika.

"Kwa hivyo salamu hazisomwi," mmoja akasema.

Mwenzake, aliyeanza kuuza mitumba sokoni Gikomba kabla sijazaliwa, alikuwa bado ameinamia skrini.

"Hili doa lako lina mistari," akasema. "Yote inatoka kwa hiki kitu kinachong'aa hapa kando. Nikiona hivi kwa shati, najua rangi imechuja."

"Hapana, Mama, hiyo ni..." nikaanza, kisha nikaikuza picha.

Alikuwa sahihi. Galaksi moja angavu sikuwa nimeiondoa vizuri kwenye picha, na mng'ao wake ulikuwa umesambaa kila upande. Barua pepe nikaifuta. Nilirudia kusafisha data kwa siku nne, na sehemu kubwa ya ukungu wangu ikatoweka. Kikabaki kipande kimoja katikati, na hicho hakikuondoka hata nilipojaribu kukiondoa. Msimamizi akasema kinatosha sura moja ya tasnifu.

Nilienda Gikomba kumwambia yule mama. Nilimkuta akikunja suruali kibandani.

"Kimebaki kidogo tu," nikamwambia.

"Kidogo kiasi gani?"

"Mwanga unachukua zaidi ya miaka milioni moja kukivuka."

Akaiweka suruali chini. "Na hicho ndicho unaita kidogo," akasema, akanisogezea stuli niketi.