Poda ya Ng'ambo ya Mto

Ubao mbichi wa mkaratusi una harufu kali inayoingia puani na kukataa kutoka. Kila ninapopita mjini kwa maseremala wa mtaa wa Bagira, harufu hiyo inanirudisha kwenye mwaka ule shule zetu zilipounganishwa. Madawati mapya yalikuwa yamepasuliwa harakaharaka, na sisi watoto wa Mulambi tulirudi nyumbani sketi na kaptula zikinata utomvu, tukipigiwa kelele na mama zetu waliokuwa na sabuni ya kubahatisha. Nilikuwa darasa la tano. Mulambi na Kashanga ni vilima viwili vinavyotazamana, katikati kuna kijito, na mtu wa huku akiita, wa kule anaitika. Kila kilima kilikuwa na shule yake ya msingi, yenye watoto wachache, mpaka ikaamuliwa kwamba ziwe shule moja, na hiyo moja iwe kwao, Kashanga.

Kusema kweli, wazazi wetu hawakuchukia kuungana. Walichukia mabati. Shule ya Mulambi waliijenga wenyewe, siku za salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, matofali yakipandishwa kichwani toka bondeni, halafu asubuhi moja wakaja watu, wakang'oa mabati na kuyavusha mto ili yakafunike darasa jipya la Kashanga. Kuta zetu zikabaki wazi, mbuzi wakahamia. Basi wazazi wakakubaliana, na kwa ukaidi watu wa kwetu hatushindwi na mtu, kwamba watoto wataenda kusoma lakini mzazi yeyote wa Mulambi asikanyage uwanja ule.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Aliniita jikoni, mama akichambua maharage, akanieleza msimamo wake bila kupandisha sauti. "Utaenda mwaka moja," alisema. "Ukipita, utaendelea. Ukianguka, unabaki na mama yako mu shamba, na mambo ya Kashanga inaisha." Mimi niliipenda shule kuliko chakula, na tangu siku ile nilisoma kama mtu anayefukuzwa.

Dawatini niliketishwa pamoja na Nsimire, msichana wa Kashanga, mwenye meno ya mbele yaliyoachana na kicheko kisichojua mahali pa kuishia. Mama yake alikuwa akikaanga mandazi kando ya uwanja. Miezi ya kwanza watoto wa vilima viwili hatukuchangamana hata kwenye mpira, lakini Nsimire hakuwa na subira ya kununiana. Alinimegea andazi lake, mimi nikamwonyesha sehemu na desimali, ambazo hazikumwingia hata kidogo. Mvua ikinyesha na kijito kikijaa, nililala kwao, chini ya blanketi moja na yeye, na mama yake alinisugua miguu kwa maji ya moto bila kuuliza mimi ni wa nani.

Ikafika proklamasyo, siku ya kusoma matokeo mbele ya watu wote. Kwetu, mtoto aliyepita humwagiwa poda kichwani na jamaa zake, mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, kisha anapitishwa njia ndefu ya kurudi nyumbani ili kila mtu amwone. Baba hakujua kusoma, na karatasi ya alama kwake ilikuwa maneno ya walimu tu. Alitazama kichwa. Kilima kizima kilitazama kichwa; aliyerudi na nywele nyeusi, hata aape vipi, alikuwa ameanguka. Katika hasira yao, wazee wa Mulambi walisahau jambo hilo: kama hakuna atakayekanyaga uwanja ule, nani atamwaga poda?

Direkta wa shule alisoma jina langu. Nilikuwa nimepita. Watoto wa Kashanga walikuwa wakirukiwa na shangazi na wajomba, vumbi jeupe limetanda, na sisi wa Mulambi tuliopita tumesimama pamoja, vichwa vyeusi, hatujui pa kuweka mikono. Nilianza kulia. Akilini nilimwona baba akinisubiri kwenye kijito, akiniona, akigeuka kuniandalia jembe.

Jina la Nsimire halikusomwa. Mama yake alikuwa na kopo jipya la poda mkononi, na Nsimire ameficha uso kwenye kitenge cha mama yake. Yule mama alisimama kitambo. Kisha akamshika binti yake mkono, wakavuka uwanja pamoja, akafungua kopo juu ya kichwa changu.

"Iyi pudre nilinunua juu ya mutoto," alisema, sauti ikikatika. "Na weye uko mutoto."

Akageukia wenzangu, akamaliza kopo.

Baba aliponiona kijitoni aliuliza ni nani aliyenimwagia. Nikamwambia. Kesho yake akavuka kwenda Kashanga na mkungu wa ndizi begani, peke yake, mchana kweupe. Mwaka uliofuata wazazi wetu walijaa uwanjani.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Muhumba, na nina kazi ya ofisini. Kule vilimani watoto wanasema shule yetu, bila kujua kwamba zilikuwa mbili. Binti yangu anasoma shule nzuri, na matokeo yanapotoka tunaingia kwenye gari, tunamsherehekea wetu, tunaondoka. Mwaka jana alianguka. Kando yetu alisimama mtoto wa jirani, amepita, mama yake hajafika. Nilimwona vizuri kabisa. Nilimshika binti yangu mkono, nikaenda naye moja kwa moja kwenye gari, na ndipo nilipojua mama Nsimire alibeba nini siku ile alipovuka uwanja.