Kidirisha Kisicho na Njia ya Kutokea

Programu yangu ya kuandikia barua, ya bure kwa kila mtu kwenye kompyuta za mfumo wa Linux, niliisifu hadi mbuzi wa mtaani kwetu Galbet wakaijua. Ami yangu haoni, kompyuta humsomea kwa sauti. Alasiri moja aliandika humo barua ya kuomba kazi ya ualimu, na ofisi ya kuipokea ilikaribia kufungwa. Alipotaka kuihifadhi, kikafunguka kidirisha nilichokitengeneza mimi. Kila alipobonyeza Tab ili asogee kwenye kitufe kinachofuata, sauti ilisema tu, “Kitufe. Kitufe.”

“Lete nibofye kwa kipanya, ami.”

“Usiguse! Jifunge shali machoni, uketi hapa.”

Nikaketi. Wallahi, nilizunguka mle miaka arobaini. Vitufe sikuvipa majina, na pa kutokea palikuwa na alama nyekundu ya kuonwa kwa macho tu. Jasho lilinitoka ungedhani nimebeba ngamia.

“Karibu kwangu,” ami akacheka. “Sasa tafuta mlango.”

Nikashindwa. Nikavua shali, nikaihifadhi barua kwa kipanya, tukaituma, ikawahi.

“Na ya kesho?” akauliza.

Nikajifunga shali tena, nikaanza kukipa jina kitufe cha kwanza.