Sahani Mbili za Patient

"Mama Patient, kwani leo kuna mpira ama kuna matanga?"

Hilo ndilo swali ambalo Jerotich, muuguzi Mkenya wa nyumba ya chini, alimuuliza Honorine mwaka wa kwanza wa kupikia mechi, alipomwona akishusha sufuria kwenye ngazi za ghorofa yao pale Lidcombe. Honorine alicheka, akasema ni mpira, dada, mpira tu. Jerotich akazitazama tena zile sufuria, akasema basi Mungu awasaidie hao wachezaji.

Maombi hayo Mungu aliyasikia. Wasiosikia ni watu.

Honorine si mtu wa makuu. Kwao ni Uvira. Alifika nchi hii akiwa mjane, na kitoto kimoja kimemshika gauni. Wiki nzima anafua mashuka katika nyumba ya wazee, mahali ambapo chakula hakina chumvi na hakuna anayeomba kuongezwa. Ndiyo maana Jumamosi ya mechi ni siku yake. Kila mwaka Wakongo wa upande huu wa Sydney hucheza na Wakenya mechi ya kirafiki, yaani mechi ambayo baada yake watu hawasalimiani mpaka Pasaka. Kabla ya mechi magari hupangwa kando ya uwanja, buti zinafunguliwa, watu wanakula. Wenyeji wa nchi, wakifanya mambo hayo, hutoa soseji na kipande cha mkate, wakamaliza. Maskini. Honorine akifungua buti ya Corolla yake ni bugali, sombe ya majani ya muhogo, mbuzi, samaki wa kukaanga, ndizi, na pilipili ya kumkumbusha mtu dhambi zake.

Mwaka huu kulikuwa na jambo. Kile kitoto cha gauni sasa ni Patient, kijana mrefu mwenye mbio, na kocha wa klabu moja ya upande wa Smithfield alikuwa amesikia habari zake. Alisema atakuja kumtazama. Akimpenda, atamchukua. Patient hakulala vizuri wiki nzima. Asubuhi ya mechi alimwendea mama yake jikoni.

"Mama, leo nipe ndizi moja tu. Please. Nikishiba siwezi kukimbia."

"Moja tu, mwanangu?"

"Moja, Mum."

"Nimesikia. Mbele ya Mungu, sikupi kingine."

Na alisema kweli wakati anasema. Sufuria ya bugali akaifunga kwa blanketi isipoe, akaiweka kiti cha mbele na kuivalisha mkanda. Patient, tumaini la familia, akakaa nyuma na samaki mapajani.

Sasa Wakenya nao wana mama yao. Anaitwa Wangari, mwanamke mnyenyekevu sana, ambaye unyenyekevu wake unahitaji hema, meza mbili na spika ya nyimbo za injili. Buti ya gari lake inajifungua yenyewe akibonyeza kitufe, na siku hiyo aliibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Humo mlikuwa na nyama choma, mukimo wa viazi na mahindi, chapati na kachumbari. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Honorine na Wangari, kwa kuwa wote wawili wameokoka, hawakuweza kutenda dhambi hiyo. Kila mmoja alijitahidi kuwalisha maadui kuliko watu wake.

"Mama Patient!" Wangari aliita kutoka hemani kwake. "Umeleta kale kamboga kenu tena? Si mlisema mwaka huu mtapumzika?"

"Tunapumzika mbinguni, mama. Hapa duniani watu wana njaa. Lete vijana wako waonje, nimesikia kwenu nyama inaumwa na moto tu, haijui chumvi."

"Ngai! Leta wako kwanza. Patient! Kuja hapa, mtoto wangu. Kuja usalimie shosho, bibi yako."

Patient akaenda kusalimia. Hapo ndipo mechi ilipochezwa, kwa mwenye macho. Kwetu mtoto aliyelelewa hasalimii mtu mzima mwenye sahani akaondoka mikono mitupu. Na sahani ukishapewa hubakizi, kubakiza ni kumwambia mpishi maneno mabaya bila kufungua mdomo. Kijana alisema, "Asante Mama, leo sili." Wangari akasema, "Kidogo tu." Kila mtu anajua ukubwa wa kidogo tu.

Honorine alikuwa anakata bugali. Akainua kichwa, akamwona mwanawe wa pekee amekaa chini ya hema la watu, anatafuna mbavu, na Wangari amesimama nyuma yake ameshika kiuno kama aliyemzaa. Wanawake wawili wa kanisa wakamwona naye anaona. Wakaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Kiapo cha asubuhi hakikuvunjika ghafla. Kilizungushwa. Honorine alijiambia kwamba aliapa kuhusu shibe ya nyumbani, hakuapa kuhusu heshima ya nyumbani. Kijana aliporudi, sahani ilikuwa inamngoja, bugali imesimama kama kichuguu, sombe kando, na paja la mbuzi juu yake.

"Mum. Ulisema ndizi moja."

"Nilisema. Lakini umekula kwa mwingine, kwangu utapita tu? Watu wanaangalia, Patient."

Patient akawatazama watu. Kweli walikuwa wanaangalia. Akamtazama mama yake, akaketi, akala mpaka mwisho, kama mtu anayesaini.

Hakuwa peke yake. Wakenya walikula kwa Honorine kwa sababu ni wageni, Wakongo wakala kwa Wangari kwa sababu wamealikwa. Halafu Papa Masumbuko, mwenyekiti wa timu ya Wakongo, akasimama kuomba baraka ya chakula ambacho kilikuwa tayari tumboni, akaomba mpaka samaki wakalala mara ya pili. Yule kocha naye, Mzungu mwembamba aliyekuja na chupa yake ya maji, alipewa kiti cha kukunja na sahani. Alikula bila aibu. Yeye hakuwa anacheza.

Mechi yenyewe haihitaji maneno mengi, hata wachezaji hawakuitolea mengi. Mpira ulitembea polepole kwa adabu. Mtu akipokonywa, hakufuata, alimtakia mwenzake heri. Kipa wa Wakenya aliegemea mlingoti tangu mwanzo, akaupenda. Refa aliuliza kama kuna homa iliyoingia kwa Waafrika.

Kipindi cha pili Patient alipata mpira katikati akiwa peke yake. Mbele yake hapakuwa na mtu ila yule kipa na mlingoti wake. Honorine alisimama na mwiko mkononi. Kijana akaanza kukimbia, zile mbio alizosikia kocha, mara moja akapunguza, akashika ubavu, akainama. Kichomi. Mpira ukaendelea wenyewe kidogo, ukatoka nje. Patient akabaki ameinama, mikono magotini, na jezi ya mgongo inapanda na kushuka. Honorine akakaa juu ya ndoo ya samaki.

Iliisha hakuna kwa hakuna, watu wakasema afadhali, amani, marudiano yataamua.

Kocha alimwendea Papa Masumbuko karibu na Corolla, sahani ya pili mkononi. Honorine Kiingereza chake si kingi, lakini hiki alikielewa chote. Mguu anao, kocha alisema. Lakini mbona mzito hivi? Au mgonjwa? Akamgeukia kijana amuulize mwenyewe.

Patient alitazama sufuria. Akamtazama mama yake. "Nimechoka tu," akasema. "Sikulala vizuri." Kocha akafikiri, akalamba kidole, akasema mechi ya marudiano kule Blacktown, Jumamosi ya tatu kuanzia leo, atakuja tena, mara ya mwisho. Na akauliza kama hayo majani yatakuwepo.

Njiani kurudi, sufuria tupu zililia nyuma ya gari. Patient safari hii alikaa mbele.

"Mbona hukumwambia ni mimi?" Honorine akauliza.

"Nimwambie nini? Kwamba Mum wangu anapika vizuri?" Akageukia dirishani. "It's fine, Mum."

Haikuwa fine. Honorine aliosha sufuria usiku huo bila kuimba.

Kesho yake kanisani, katika ibada ya Kiswahili ambayo Wakenya na Wakongo wanaabudu pamoja bila kusalimiana, wakati wa matangazo alisimama. Watu walidhani anataka mchango wa vyakula. Wangari alikuwa ameshafungua mkoba, mtu asije akamtangulia. Jerotich aliyekuwa kiti cha nyuma akainua macho. Honorine alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu, na wewe Mama Wangari, nina ombi moja. Siku ya marudiano, mtu asimpe mwanangu sahani mpaka mechi iishe. Hata mimi. Mkiniona ninampa, mninyang'anye."