Bunduki Moja, Risasi za Dukani

Saa tatu asubuhi, Emérite Nizigama amesimama ndani ya duka la silaha katikati ya Johannesburg. Haangalii bunduki. Anaangalia maboksi ya risasi yaliyoko rafuni.

Ni Jumamosi yake ya nne hapa. Mrundi huyu, mkazi wa mtaa wa Bellevue mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, huangamiza panya kwenye maghala ya wauzaji wa jumla. Sasa mkulima wa kabichi kusini mwa jiji anataka mtu wa kupunguza sungura pori wanaomaliza miche yake. Sharti lake ni bunduki yenye leseni.

Kila bunduki ina leseni yake, na kuipata huchukua miezi. Emérite akikosea kuchagua, msimu utapita na kazi itakwenda kwa mwingine.

Placide, Mkongomani anayelinda mlango wa duka, anamsifia bunduki ya mtumba inayotumia risasi za aina ya .22 Hornet.

"Mama Fiona, hii iko nzuri. Inafika mbali, na kelele si nyingi."

"Risasi zake ziko wapi?"

Placide anakiri kwamba ni adimu. Wengi wenye Hornet huokota maganda ya risasi zilizopigwa na kuyajaza baruti upya nyumbani.

"Kwangu ni chumba kimoja," Emérite anajibu. "Kuna cherehani ya mume wangu, pasi, Fiona na mdogo wake. Baruti utailaza wewe?"

"Eish, mama. Mke wangu atanifukuza."

Risasi za .223 zimejaa rafuni, lakini zina nguvu kupita kiasi kwa shamba lenye nyumba ng'ambo ya ukuta. Zile ndogo za .22 ya kawaida ni rahisi, ila sungura wa shamba lile huonekana wakiwa mita mia hivi, mbali mno kwa risasi hizo.

Bunduki aliyoipenda ni ya .17 HMR, kwa kasi na shabaha yake. Katika Jumamosi tatu zilizopita, mara mbili hakukuta hata boksi moja la risasi zake. Akaiacha.

Imebaki ya .22 Magnum. Wiki iliyopita, kwenye uwanja wa shabaha, alijaribu bunduki ya duka kwa risasi za viwanda viwili. Za kwanza zilitawanyika. Za pili, kwa mita mia, zote zilikaa ndani ya upana wa kiganja cha mtoto. Ndizo anazozitafuta leo, na zipo.

"Siwezi kutengeneza risasi inayoifaa bunduki," anasema. "Basi natafuta bunduki inayoifaa risasi ya dukani."

Anailipia bunduki ya Magnum. Itabaki dukani hadi leseni itoke. Mkulima amekubali kusubiri, naye Emérite ameahidi kupiga akiwa juu ya bakkie, gari la pikapu, tu, akielekeza mtutu chini, ili risasi iishie udongoni. Anatumaini kuanza kabla miche mipya haijapandwa.

Chumbani Bellevue, mumewe Égide, fundi nguo, amesogeza cherehani kupisha kabati la chuma la kufungia bunduki, lililokazwa ukutani kwa bolti. "Kinachofuata ni mimi kulala nje," anasema.

Alhamisi iliyofuata, afisa wa polisi alifika kulikagua kabati, kwani bila hilo leseni haitoki. Alilishika kwa mikono miwili, akalivuta. Halikutikisika.