Ulezi Uliobaki Shambani

Maksai watatu walirudi bondeni saa tatu asubuhi, wakichechemea, hakuna wa kuwaswaga. Wa kwanza alikuwa amekatwa kano ya mguu wa nyuma, ule mguu ukawa unaburuzika tu kama kamba. Wa pili alikuwa hivyo hivyo, na mgongo umepasuliwa mara mbili. Wa tatu panga lilikuwa limemwingia mbavuni, pumzi ikawa inatokea kwenye jeraha na povu jekundu. Walifika langoni pa zizi wakaanguka mmoja baada ya mwingine.

Redempta alikuwa pale pale. Alikuwa amelala kwa Masanja usiku huo kwa ajili ya mtamba aliyeshindwa kuzaa, na mikono yake ilikuwa haijakauka vizuri.

"Watapona, daktari?" Masanja aliuliza. Alikuwa mzee wa Kisukuma, miaka sita tangu ahamie bondeni, chini ya kijiji cha Mpui, na ng'ombe wake mia mbili, na maksai hao aliwafundisha jembe yeye mwenyewe.

"Hapana, baba. Hawa ni wa kuchinja."

Mzee hakumwita mtu. Alichukua kisu, Redempta akashika pembe. Damu ya moto ilimrukia shingoni, akajifuta kwa kiganja kilicholowa damu vile vile. Alikuwa na miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo na bado alikuwa anauchukia ule mkoromo wa mwisho.

Nisikudanganye, mama huyu hakuwa mtu wa kupenda fedha. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtaalamu wa mifugo wa kata, na enzi za ruzuku alipewa dawa, sindano na baiskeli. Halafu likaja soko huria. Josho la kuogeshea ng'ombe likakauka, dawa zikahamia kwenye maduka ya Sumbawanga kwa bei ya mwenye duka, wenzake wawili wakapunguzwa kazini, na kata zao akabebeshwa yeye kwa mshahara ule ule, ambao ukifika tarehe kumi umeshakuwa hadithi. Ada ya shule ya binti yake Zita ililipwa na ng'ombe wa Masanja. Akiitwa alikwenda, iwe Jumapili, iwe Pasaka. Mumewe, Kasmir, alikuwa amechoka kusema. "Umeolewa na zizi," alimwambia mwezi wa nne, kwa mara ya mwisho.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Ufipa inauma mifupa. Wiki moja nyuma Masanja alikuwa amemuuliza kama mashamba ya juu yameshavunwa, apandishe ng'ombe wakale mabua, maana bondeni nyasi zimekwisha. Redempta alikuwa na sindano mdomoni na ndama mapajani. Alijibu bila kuinua kichwa: "Yote yamevunwa, baba. Pandisheni tu."

Sasa, kwa mazoea ya kazi, alimfunua mdomo maksai wa tatu kabla kisu hakijamfikia, aone fizi zimekuwa nyeupe kiasi gani. Kati ya meno kulikuwa na masuke ya ulezi.

Aliyatazama. Ulezi wa Mpui nzima ulikuwa umeshaingia ghalani. Uliosimama ulikuwa wa nyumba yake tu, nyumba ambayo mama hakai, na baba alikuwa anauvuna peke yake kidogo kidogo.

"Kija yuko wapi?" aliuliza.

Masanja alionyesha mlimani kwa kisu. Kija, mwanawe mkubwa, ndiye aliyewaacha maksai juu akarudi kunywa uji. Alikuwa ameshaondoka na ndugu zake wawili, wanafuata matone ya damu. Walikuwa na fimbo na shoka.

Redempta alikimbia. Alianguka mara mbili kwenye mawe, akapoteza kiatu kimoja, mkoba wa dawa ukimgonga kiunoni. Mungu wangu, wasimuue. Hakuwa na sala nyingine.

Aliwakuta katikati ya ulezi. Kasmir alikuwa na panga lakini mkono wa kulishika ulikuwa umeshavunjwa, unaning'inia. Fimbo ilimpiga kinywani, meno yakatoka. Ilimpiga tena, kichwa kikapasuka kutoka utosini hadi kwenye nyusi, akaenda chini kifudifudi. Kija akainua shoka.

Redempta alimlalia mumewe mgongoni.

"Toka, daktari!"

"Nipige mimi! Mimi ndiye niliyemwambia baba yako mashamba yote yamevunwa! Ni mimi, Kija! Nipige!"

Shoka lilibaki juu. Kija alikuwa analia kwa hasira, kamasi zinamtoka. Alishusha shoka ardhini kwa nguvu zote, nusu hatua kutoka sikio la Kasmir, akaliacha limekita pale. Kisha aliwaita ndugu zake wakashuka.

Gari la kumfikisha hospitali Sumbawanga lilikuwa limeshapita. Alimburuta hadi nyumbani, akamlaza kwenye mkeka, akafungua mkoba. Uzi ulikuwapo, ule mnene wa ng'ombe, na sindano iliyopinda. Chupa ya ganzi ilikuwa tupu. Yote ilikuwa imeishia kwa mtamba wa Masanja.

Alianza kushona. Kasmir aliuma kitenge na kunguruma, miguu ikipiga ukuta, na kila sindano ilipopita ngozini Redempta alilia kwa sauti huku akiendelea kushona. Alishinda naye mchana kutwa, akishona na kumpumzisha. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alishinda nyumbani siku ya kazi.

Jua lilipofika dirishani, Kasmir alitema kitenge na damu.

"Kwa hiyo shamba letu ulilisahau."

"Nililisahau, baba Zita."

Alimtazama kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka. Tangu binti yao azaliwe alikuwa akimwita mama Zita.

"Bado nyuzi ngapi, daktari?"