Sindano Niliyoinoa kwenye Kitako cha Kikombe

Mimi sindano ya mashine nilikuwa siitupi mpaka ivunjike. Ikianza kuwa butu nilikuwa nageuza kikombe cha udongo, naisugua ncha taratibu kwenye kile kitako chake kinachokwaruza, kisha naijaribu kwenye ukucha. Ikiukwaruza ukucha, ncha bado haijalainika. Ikiteleza, narudi nayo kazini. Wateja wangu pale Yoba, mtaa wetu wa Gitega, walikuwa wakinicheka, wanasema Kiswahili changu ni cha Tanzania nilikokulia, lakini ubahili nimeusomea Gitega. Na mimi nilikuwa nafurahi, wallahi, nikidhani nasifiwa.

Sindano mpya haifikii bei ya sahani ya maharage. Najua, usiniambie. Lakini ndivyo nilivyokuwa: kipande cha sabuni kikiwa chembamba nakibandika kwenye kipya, gari la bei nafuu nalisubiri hata nusu siku, uniti za simu nazitunza kama dawa. Nimelea watoto wawili kwa mashine moja barazani, na kila jioni niliamini kuna kitu nimeokoa.

Basi mdogo wangu wa mwisho akaposwa. Yeye alikuwa Muyinga kwa mama, na mama ni mjane, anaishi mjini ila shamba lake liko Buhinyuza. Kwetu, upande wa bwana harusi ndio unaoleta begi la bibi harusi: viatu, manukato, nguo za ndani, na humo humo kitambaa cha gauni atakalokaa nalo mbele ya wageni. Kitambaa hicho mama mkwe amekichagua mwenyewe, na siku ya harusi atakaa karibu, atakishika, atakitazama. Kikiwa na kasoro, ameonyeshwa mbele ya ukoo mzima kwamba alichotoa hakikuthaminiwa. Kilikuja kitambaa cha satini, rangi ya maziwa, laini mpaka mikono yangu ya kazi ilikuwa inanata nacho.

Mama naye alikuwa na lake. Misimu miwili aliuza maharage ya Buhinyuza, na hela yote akaifunga kwenye kitenge, akaiweka chini ya godoro. Alitufungulia mimi na mdogo wangu tukaiona. "Hii ni ya mashine ya kushonea," alisema. "Huyu asiende kwa watu akawa anaomba mpaka chumvi." Mdogo wangu nilikuwa nimeshamfundisha kushona, alikuwa na mkono mzuri kunishinda. Kilichobaki ni mashine yake mwenyewe.

Pale Muyinga kuna fundi mwanamume anayejulikana kwa satini. Mama alitaka tumpe yeye. Nilimkatalia. Nikamwambia ana mtoto fundi, atamlipaje mtu wa nje? Mdogo wangu akaniuliza kama nimeshawahi kushona satini, nikamjibu nguo ni nguo. Nikabeba kitambaa kwenda Gitega, na nilivyo mimi, nikakikata kwa kubana sana, ili nibakize kipande cha kumshonea binti yangu gauni la Idi.

Jumatano, siku nne kabla ya harusi, nilikaa kwenye mashine asubuhi. Sindano ilikuwa ile ile. Nilipoanza mshono wa mbele nikasikia inagonga, tak, tak, kama inatoboa karatasi. Niliujua mlio ule. Nikajiambia, malizia huu mshono kwanza, duka halikimbii. Nikakanyaga mpaka chini, nikageuza nguo niitazame.

Yarabi. Nyuzi zilikuwa zimevutika mstari mzima, kutoka kifuani mpaka kwenye pindo, na kila zilipovutika kitambaa kimejikunja. Nikajaribu kuzirudisha kwa ukucha, zikakatika. Nikalowesha, nikapiga pasi, ndiyo kwanza mstari ukang'aa. Kile kipande cha binti yangu nilikiweka juu, hakikufika hata nusu ya mbele. Nilikaa chini sakafuni. 

Nikaingia soko la Gitega na kipande mkononi, duka kwa duka. Mama mmoja Mkongomani anayeuza vitambaa alikishika, akakigeuza, akanionea huruma. "Hii haiko ya huku, mama," akasema. "Hii iko ya Tanzania. Mi sina, na hata wale hawana, usijichokeshe." Nilijichokesha hata hivyo mpaka maduka yakafungwa.

Kupiga simu Muyinga sikupiga. Nilijidanganya kuwa natunza uniti, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Alhamisi alfajiri nikaenda kutafuta gari. Esansi, mafuta ya gari, ilikuwa ya shida, magari machache, na lililokuwa tayari kuondoka lilitaka nauli karibu mara mbili. Na hapo nikafanya upuuzi ambao mpaka leo nikiukumbuka najikasirikia: nikasubiri la bei ya kawaida. Gauni limeharibika, harusi ni Jumapili, na mimi nimekaa juu ya begi nangoja bei ishuke! Gari likaja mchana. Njiani likasimama Karusi saa nzima kuongeza abiria. Nililishika lile begi mapajani kama mtu aliyebeba mgonjwa, na kila aliyenisalimia nilihisi anajua kilichomo.

Nilifika Muyinga jua linazama. Nikalitandaza gauni kitandani. Mama akaweka mkono mdomoni. Mdogo wangu aliinama, akapitisha kidole kwenye ule mstari polepole, kisha akaniuliza kama sindano ilikuwa mpya. Nikamwambia hapana. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja jirani anayevuka mpaka pale Kobero kwenda Tanzania kila wiki. Mama alimwendea usiku ule ule. Yule jirani akasema kitambaa hicho anakijua, Ijumaa anaweza kukileta, lakini hakikatwi, ni kipande kizima kinachouzwa, na kwa haraka hiyo safari yake italipwa na sisi. Hela yangu mimi ilikuwa kwenye kikundi cha kuchangiana na zamu yangu ilikuwa bado mbali. Mama alirudi, akakaa, akatutajia bei. Ni mdogo wangu aliyeinua godoro.

"Chukueni," alisema. "Siwezi kuingia kwa mama mkwe na nguo hii."

Niliapa nitairudisha yote. Niliapa kwa Mungu, nikalia, nikamwomba radhi, na yeye akawa ananibembeleza mimi badala ya mimi kumbembeleza yeye. Ijumaa kitambaa kikaletwa, na Jumamosi nikaenda kwa yule fundi wa satini niliyemkataa, nikamwomba anikodishe mashine yake. Alitoa sindano mpya kabla sijaomba, nyembamba, akaifunga mwenyewe, akaiongeza kwenye bei. Nilishona, na kila mshono nageuza kuangalia. Kilichosalia cha hela ya mashine kiliishia pale.

Harusi ikafanyika, gauni likapendeza. Mama mkwe alilishika kweli kama nilivyoogopa, akauangalia mshono wa mbele, akauliza nani kashona. Akaambiwa ni dada mtu. Akawageukia wanawake wenzake akawaambia hii ndiyo familia, hawamtajirishi fundi wa nje. Wakapiga vigelegele. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, nikaenda kusimama uani.

Imeshapita miezi saba. Zamu yangu kwenye kikundi ilifika, nikakimbia sokoni kuuliza bei ya mashine, nikakuta imepanda, ile hela haifiki hata nusu. Nimeiweka, naongeza kidogo kidogo, na kila nikiongeza bei nayo imeshasogea. Sindano siku hizi nabadilisha mapema, hata zile ambazo bado nzuri.  Mama akipiga simu ananiuliza tu habari za watoto.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia mchana, anaongea kwa sauti ya chini. Nikadhani ana mimba, nikaanza kumtania. Akanikatiza.

"Dada, usimwambie mama. Naomba unitumie hela ya pedi."

Nikamuuliza kwani mume wake yuko wapi. Akasema yupo, na si mtu mbaya, hutoa. Ila kila akimwomba, lazima kwanza amweleze ile hela aliyompa wiki iliyopita ilifanya nini.