Alama ya Mnyaa

Sipandi mnyaa kwangu. Majirani hapa Korogwe wananishangaa, maana kila mtu anauzungushia nyumba yake. Haufi kwa ukame na mbuzi hawaugusi. Nawaambia utomvu wake ukimwingia mtu jichoni unapofua, na kwa kuwa hilo wanalijua tangu utotoni, wananiacha. Sababu yangu ni nyingine.

Enzi za Mjerumani nilikuwa mke wa mkata mkonge, tukiishi kambini Ngombezi. Uso wangu una vishimo vya ndui niliyougua nikiwa mtoto, na aliyekwisha kuugua ndui haimrudii. Hilo wazee wetu walilijua kabla ya waganga wa serikali. Kwa hiyo ilipozuka tena, ikaanza kwa wapagazi na kushuka mpaka makambini, mimi sikuogopa. Niseme ukweli, nilijivuna. Wenzangu walipishana njiani bila kupeana mikono, mimi nilipita nitakapo. Waliniita kuosha maiti na kuwapelekea maji wagonjwa waliotengwa vibandani, nyuma ya mashamba. Nilikwenda kila nilipoitwa, kichwa juu.

Kazi haikusimama, na hilo ndilo wajukuu zangu hawaliamini. Tulizika alfajiri, kengele ya shamba ikalia, wanaume wakaingia kwenye mistari ya mkonge na mapanga yao, udongo wa kaburi ungali miguuni. Sisi wanawake tulizoea kutwanga wawili wawili kwenye kinu kimoja. Sasa kila mmoja alitwanga peke yake, akimaliza anausugua mchi kwa majivu kabla ya kumwachia mwenzake. Hatukuimba tena. Nyimbo za kutwanga zinataka watu wawili.

Ndipo ikatoka amri ya kuchanja. Asiye na alama ya chanjo mkononi haingii kambini, hapati posho, havuki mto. Watu waliiogopa ile chanjo kuliko walivyoiogopa ndui. Ilivimbisha mkono siku nyingi, na mkata mkonge mwenye mkono uliovimba hawezi kumaliza kazi yake. Asiyemaliza alilazwa chini akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na mume wangu alikuwa amekwisha kuvionja mara moja. Hakuweza kulalia mgongo mwezi mzima.

Basi watu wakatafuta njia, na njia hiyo nikawa mimi. Nilikwaruza ngozi kwa mwiba, nikadondosha tone moja la utomvu wa mnyaa, nikafunika kwa jani. Siku ya tatu linatoka lengelenge, halafu kigaga, halafu kovu la mviringo. Wengine walijaribu wenyewe wakaunguza mkono mzima. Kovu langu lilikuwa safi, hata mchanjaji wa serikali hakulitofautisha na la kwake. Nilimfanyia mume wangu, nikawafanyia majirani, wakanisifu. Nilipenda kusifiwa.

Mwaka huohuo mama yetu alifariki Handeni. Nilikwenda kwa miguu, nikamkuta mdogo wangu peke yake nyumbani na binti yake wa miaka mitatu. Mumewe alikuwa ameondoka na msafara wa wapagazi na hakurudi. Ghala lilikuwa tupu. Nikaamua kuwachukua, na ili avuke mto alihitaji alama. Mtoto wa umri ule walikuwa hawajaanza kumdai.

"Dada, si twende bomani wakanichanje?" aliniuliza.

Mdogo wangu alikuwa mwoga tangu kuzaliwa. Askari akimtazama tu, anatetemeka na kusema yote. Nikaona nikimwambia kuwa alama yangu ni ya uongo, uso wake utatuumbua pale kivukoni. Nikamwambia wanawake wa kambini tumefundishwa kuchanja, na dawa ni ileile.

"Kweli, dada?"

"Kweli. Lete mkono."

Aliuma upindo wa kanga na hakulia. Tulikaa Handeni mpaka kigaga kikadondoka, kisha tukasafiri. Kivukoni alimwonyesha askari mkono wake bila woga, mimi nikacheka moyoni kwa ujanja wangu.

Hatujamaliza mwezi, mchanjaji akaja kambini kukagua. Tulipangwa mstari. Mimi hakuniuliza, aliutazama uso wangu akapita. Alipofika kwa mdogo wangu alikuwa ameshika kisu chake kidogo, na kichupa cha dawa ki wazi mkononi mwa msaidizi wake. Akaliona kovu.

"Huyu tayari," akasema, akasogea.

Nilisimama hatua mbili kutoka pale. Neno moja tu lilitosha. Lakini nyuma yetu alikuwepo mume wangu na kovu langu, na majirani na makovu yangu, na mnyapara ameshika kiboko. Nikanyamaza. Nimejitafutia udhuru maisha yangu yote na sijaupata wa kutosha.

Haukupita muda, homa ikampata. Mtoto nikampeleka kwa jirani siku ileile, kabla vipele havijatoka, na Mungu alimlinda mtoto yule. Mama yake nikamhamishia kibandani, nikahamia naye. Nguo ziliganda kwenye vidonda, nikamlaza juu ya majani ya mgomba. Nilifukuza nzi kutwa. Nilimwosha macho kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kila yalipogandamana, na kila nilipoyaosha yalikuwa meupe zaidi. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti iliyokauka, "Dada, dawa imekosea nini?" Nikamwambia alale.

Hakufa. Alitoka mle ndani hai, na kipofu.

Sikumwambia, na nilimtumikia. Nilimshika mkono kwenda mtoni, kwenda msalani, kwenda barazani kuota jua. Watu walisema, tazameni dada anavyompenda mdogo wake. Kweli nilimpenda, ndiyo maana sifa hizo zilinichoma.

Halafu ikatangazwa kwamba mchanjaji anarudi, safari hii kwa watoto. Nilifurahi, nikamwambia tutampeleka binti yake asubuhi na mapema. Akamvuta mtoto mapajani.

"Mwanangu hachanjwi," akasema. "Mimi nilichanjwa. Nitazame."

Wanawake wa kambi walimsikia wote, na nani angebishana na macho yale? Hata waliokuwa tayari kupeleka watoto wao walianza kusitasita. Ndui ilikuwa bado ipo, jana yake tu tulizika mtoto. Nikaketi karibu naye.

"Mdogo wangu, wewe hukuchanjwa."

Akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Ule ulikuwa utomvu wa mnyaa. Hauna dawa yoyote. Nilikudanganya ili usiogope kivukoni."

Alipapasa nywele za mtoto. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane.

"Ile siku ya mstari," akasema, "alipopita. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukawa karibu?"

"Nilikuwa karibu."

Hakuuliza tena. Kulipokucha akamchukua mtoto, akaomba jirani amwelekeze alipo mchanjaji. Nilifuata nyuma. Alimshika mtoto mwenyewe, akaunyoosha ule mkono mdogo, na mtoto alipolia hakumwachia. Wanawake wengine walipoona hivyo wakaja na watoto wao. Mkono wa mtoto ulivimba, ukatoa usaha, ukapona. Hakuugua ndui, wala hajaugua mpaka leo.

Lakini siku ile hatukuondoka mara moja. Mtoto alipokwisha kuchanjwa, mdogo wangu alipandisha kanga begani akanyoosha mkono wake mwenyewe, palepale penye kovu langu.

"Na mimi," akasema.

Mchanjaji akamwambia kwa upole, "Mama, wewe umekwisha kuugua. Huihitaji tena."

"Nichanje."

Yule bwana akanitazama mimi, kama watu wanavyomtazama ndugu wa kipofu. Mdogo wangu alisimama vilevile, mkono umenyooka, akingoja kisu. Nikasogea nikaushika ule mkono niushushe, niliona aibu. Aliutambua mkono wangu, akauondoa wake.

Tangu siku ile hakunishika tena. Mtoto ndiye aliyemwongoza njia, mpaka mtoni, mpaka msalani, na mwishowe, alipokua, mpaka Handeni.